Jenerali Anajikuna

Jumamosi, 7 Januari 1995

Tumepata mgeni. Miguu minne, yote imepinda. Uso umekunjamana, mashavu yananing'inia, mate yanachuruzika mpaka kwenye zulia. Ni mbwa, aina ya buldogi. Jina lake Jenerali.

Mwenyewe ni Bwana Pieter, meneja wa kiwanda cha minofu ambako mume wangu Josephat anapeleka sangara. Mzungu anakwenda likizo kwao mpaka Machi. Aliuliza pale ofisini, nani anajua kutunza mbwa? Josephat akanyoosha mkono! Josephat, ambaye mbwa pekee anayemjua kwa karibu ni yule aliyemng'ata akiwa darasa la tatu.

Nimemwuliza sababu. Kasema mimi ni mwalimu tu, biashara huria siielewi. Mzungu akirudi akamkuta mbwa wake amenawiri, zabuni ya kupeleka samaki mwaka mzima ni yetu. Akimkuta vinginevyo — hapo hakumalizia. Tangu shirika lao lifungwe, aache ukarani wa stoo na kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni yenye pikapu moja na mkurugenzi mmoja, sentensi nyingi anaziacha njiani.

Josephat ametoa amri jikoni hivi: Jenerali ale minofu ya sangara iliyochemshwa, bila mfupa hata mmoja, asubuhi na jioni. Kija akauliza, na nyie baba? Sisi mapanki kama kawaida, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kupanda ndege. Kija ni mpishi wetu, mjane, kwao ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Tumekaa naye miaka. Kanitazama, nikamtazama. Tukaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 18 Januari

Jenerali anakoroma mchana kweupe. Anajamba pia, halafu anageuka kututazama sisi. Nikikaa kusahihisha madaftari anakuja kulaza kichwa juu ya mguu wangu. Kizito! Sijasema nampenda. Nasema tu mguu umezoea.

Leo ameanza kujikuna. Sikio kwanza, kisha kwapa, kisha tumbo. Akajisugua kwenye kochi la Mkurugenzi mpaka kitambaa nilichofuma mwenyewe kikaanguka kwenye mate.

Jumapili, 22 Januari

Upele. Tumbo lote jekundu, na ndani ya mikunjo ya uso kuna unyevu unaonuka. Josephat katoka kanisani na tai yake, moja kwa moja jikoni. Analishwa nini huyu? Kija akajibu: minofu, baba, kama ulivyosema. Basi sufuria haioshwi! Kija akamwonyesha sufuria. Unaweza kujitazama humo na kuchana nywele. Mkurugenzi akajitazama kidogo, akatoka.

Alhamisi, 26 Januari

Kaja Dokta Obedi wa mifugo. Ni daktari wa ng'ombe, mbwa wa namna hii hajapata kumwona. Alimzunguka Jenerali kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Mwisho akasema, kwa sauti ya kitaalamu, inaweza kuwa wadudu, inaweza kuwa aleji ya chakula. Anakula nini?

Hapo nilidhani tumefika. Lakini Josephat akadakia: minofu ya sangara, Dokta! Gredi ya kwanza! Ile ile inayokwenda Ulaya! Dokta Obedi akainua nyusi kwa heshima, nikaona kabisa mate yanamjaa. Basi chakula tukiondoe kwenye mashaka, akasema. Akachoma sindano. Kabla ya kupanda pikipiki akashauri mgonjwa aongezewe supu.

Supu ya nini? Huku kwetu swali hilo haliulizwi. Mgonjwa, mzazi, aliyefiwa, aliyelewa jana, wote dawa yao ni supu ya samaki. Kwa hiyo Jenerali sasa ana bakuli la mchana pia.

Jumatatu, 30 Januari

Kija amefukuzwa.

Mbwa leo aliamka masikio yamevimba na manyoya ya mgongoni yamebaki kwenye zulia. Josephat akamwita Kija uani, majirani wanasikia, akamwambia ana mkono mbaya. Eti kila akigusacho kinaoza. Mtoto wetu Winnie amekua kwa mkono huo huo! Yuko bweni sasa, mnene, hana kipele.

Kija hakubisha. Alikunja khanga zake, akaniambia mafuta ya taa yamebaki chini ya nusu, niwahi kununua. Nikamsindikiza mpaka kivukoni. Uani nilisimama kimya kama nguzo ya kamba ya nguo. Nina aibu. Ningeweza kusema kitu na sikusema, kwa sababu ya zabuni, kwa sababu ya amani ya nyumba, kwa sababu gani sijui.

Jumamosi, 4 Februari

Shemeji Ngosha kaja kutoka Magu, kaka mkubwa wa Josephat, mfugaji. Shikamoo shemeji — marahaba, na huyu nguruwe mmemtoa wapi? Nikamwambia ni mbwa. Akacheka mpaka akashika mlango.

Akamkagua vizuri lakini, masikio, kwapa, katikati ya vidole. Akatoa hukumu: kupe. Yeye kila kitu ni kupe. Kesho kutwa kwao ni siku ya kuogesha ng'ombe, ampeleke josho, atarudi mpya. Josephat akafurahi sana. Dawa ya kisasa hiyo, ya kitaalamu! Wakampakia Jenerali nyuma ya pikapu juu ya gunia la pumba. Akanitazama mpaka kona. Nilisimama barabarani nikimpungia mkono mbwa, mimi, mwalimu mzima.

Jumanne, 7 Februari

Habari za josho zimefika. Ng'ombe, kama kila mtu ajuavyo, akirushwa kwenye josho anaogelea mpaka upande wa pili. Ngosha akamrusha Jenerali nyuma ya mtamba, akaenda kumngoja upande wa pili. Mtamba akatoka. Jenerali hakutoka. Kumbe buldogi haogelei! Kichwa kizito, kifua kizito, alikwenda chini moja kwa moja. Wakamwopoa kwa ule mti wa kuzamishia vichwa vya ng'ombe.

Yu hai. Ametapika dawa, amelala zizini, hataki kuona mtu. Josephat amekaa kitandani ameshika kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu awe Mkurugenzi amesema "Mungu wangu" bila kuwepo wageni. Na pikapu nayo gia imekufa, kwa hiyo mbwa abaki huko huko kwanza.

Jumapili, 26 Februari

Jenerali amerudi!

Sikumtambua. Manyoya yameota, tumbo jeupe, masikio yamekauka. Kashuka kwenye gari, kakimbia (kwa jinsi anavyoweza), kaja kukaa juu ya mguu wangu. Ngosha anatembea kifua mbele. Josho hilo! Josephat naye anasema ni sindano ya Dokta Obedi. Wamebishana hadi chakula kikapoa.

Nikamwuliza shemeji, huko alikuwa anakula nini? Akashangaa swali. "Mbwa anakula nini? Ugali na maziwa ya mgando. Tukichinja, utumbo. Samaki nitamtolea wapi mimi, shemeji, kwenye zizi?"

Jioni Mkurugenzi kachemsha minofu kwa mkono wake mwenyewe kumkaribisha nyumbani.

Alhamisi, 2 Machi

Anajikuna. Sikio, kwapa, tumbo, kwa mpangilio ule ule.

Siyo kupe. Siyo sufuria. Siyo mkono wa mtu. Ni sangara! Na supu tuliyompa kama dawa ndiyo ilikuwa inamchuna ngozi. Tumemtia ugonjwa kwa bakuli, kisha tukamwongezea bakuli.

Jumatano, 8 Machi

Nimemwambia Josephat. Nimempangia vizuri kama ninavyopanga somo: hapa alikula samaki, akaoza, Magu hakula, akapona, hapa kala tena, anajikuna. Kwa hiyo Kija hana kosa.

Alicheka. Wazungu wanatuma ndege kumfuata sangara, mbwa wao amkatae? Kisha akaacha kucheka. Akasema nikilitoa hilo nje, ng'ambo wakasikia sangara wa Mwanza anaotesha upele, nimefunga kiwanda. Ulaya nzima imekaa inasubiri kauli ya mwalimu wa hapa Igogo!

Sawa. Minofu naipokea, naichemsha, harufu inajaa nyumba, Mkurugenzi anaridhika na kwenda kazini. Kisha Jenerali anakula ugali na maini, na sangara namla mimi. Gredi ya kwanza kweli. Ngozi yangu haijambo, asante.

Jumatano, 15 Machi

Mbwa amepona tena, mzima kabisa. Bwana Pieter anakuja Jumamosi kula chakula cha mchana na kumchukua. Josephat anataka pilau, kuku, kachumbari, vyote. Nani apike? Mimi Jumamosi nafundisha masomo ya ziada mpaka saa sita. Akajikuna kidevu (ndiyo, yeye pia) akasema, basi mwite yule mama, kwa siku hiyo moja tu.

Nimevuka Kamanga leo. Kija amekonda. Hajapata kazi. Kuna nyumba mbili zilimkubali, halafu zikamwambia asije. Maneno ya uani kwetu yalivuka kwa kivuko kabla yake. Akaniambia, "Mwalimu, hata mtu akija kwangu nikamtilia chai, anachungulia kikombe kwanza."

Nikamweleza yote, samaki, josho, maini. Akasema atakuja kupika, lakini anataka kitu kimoja. Siyo nauli. "Baba aseme mwenyewe kwamba sikuwa mimi. Alinisemea mbele ya watu, basi aseme hata mbele yako na mimi tu. Nitatosheka."

Nimerudi, nimembana Josephat. Safari hii sikuwa nguzo. Nilimwambia mbwa hajaonja samaki wake tangu wiki iliyopita, aende akamtazame tumbo. Akaenda, akatazama. Mwisho akasema, sawa, nitamwambia, mgeni akishaondoka. Nimemwapisha. Nimempelekea Kija ujumbe kwamba baba amekubali.

Jumamosi, 18 Machi, mchana

Naandika nimesimama, chumbani. Nimekuja kuchukua taulo la kunawia.

Mzungu kafika, kapiga magoti sebuleni, kamkumbatia Jenerali, kambusu hadi kwenye makunyanzi. Kamgeuza tumbo juu, kamkagua. Safi! Akamwuliza Josephat kwa Kiswahili chake cha kiwandani, mbwa alikuwa anakula nini. Mimi nikajibu, ugali na maini. Bwana Pieter akapiga makofi. "Hapana samaki? Nani ambia wewe? Mimi sahau kabisa kusema! Samaki kidogo tu, yeye jikuna sana, sana!"

Alisahau. Ndege, tiketi, kofia, alikumbuka. Hilo alisahau!

Nikamtazama Josephat. Nikasema moyoni, haya, mlango umefunguliwa wenyewe, ingia. Na Josephat akaingia — kwa kifua! Akaegemea kochi, akasema yeye aligundua mapema. Anaona mbali. Kulikuwa na mpishi hapa alikuwa anampa samaki, mkaidi, hasikii, ikabidi amfukuze. Bwana Pieter akamshika bega. "Wewe mtu safi sana, Josephat. Sisi fanya kazi mwaka mzima."

Jikoni sahani zilikuwa zinalia. Zikaacha kulia.

Nimetoka pale kwa kisingizio cha taulo, vinginevyo ningemmwagia pilau. Mlango wa chumbani uko nusu wazi. Naona sebule. Kija ametoka jikoni na jagi na beseni, amevaa lile gauni lake la kanisani, alikuja nalo leo kwa ajili ya maneno aliyoahidiwa. Uso wake sijauona. Ameanza kwa mgeni, anamnawisha taratibu, anainama vizuri, Mzungu anasema asante mama.

Sasa yuko mbele ya Josephat. Yeye amekwisha kunyoosha mikono juu ya beseni huku anaongea na Mzungu, hatazami nani ameshika jagi.

Maji hayaji.

Mikono bado iko hewani. Ametazama juu. Bwana Pieter anamtazama yeye, anamtazama Kija. Kija hajainamisha jagi. Anasema kitu kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, nayapata maneno mawili tu: sikuwa mimi.

Josephat anageuka huku, anatafuta mlango wa chumbani kwa macho. Ananitafuta mimi. Anaita, Mama Winnie, taulo!

Taulo ninalo. Siendi.