Fishi za Mikro Nilizozisugua kwa Majivu

Papa,

Kila Jumapili nafika kaburini kwako na Mama, nasali, halafu tunarudi nyumbani Bungulu na sijakuambia lile neno. Labda kwenye karatasi nitaweza. Unajua mdomo wangu unavyonifunga.

Kazi yako ya vyombo vya sauti kanisani wamempa Kakule wa kwaya. Lakini kabla ya ibada ya kumaliza matanga yako, Mama aliomba fishi za mikro, zile ncha za kuchomeka waya wa maikrofoni, nizisafishe mimi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikikaa barazani na kitabu wakati ulipozisafisha.

Nilikuwa nikiona yote, Papa. Alkoli kidogo kwenye kitambaa, unapangusa ncha, unangoja ikauke. Halafu tone moja la dawa yake ya kuzuia kutu, unaichomeka na kuichomoa mara kadhaa ili chuma kipatane na chuma, na dawa iliyozidi unaiondoa. Siku moja ulinipa moja nijaribu, nikaisugua kwa nguvu. Ulicheka: "Masika, hii hapana sufuria! Pole pole. Ukitosha ngozi yake, itaoza." Ngozi uliyosema nisiitoe ni ule mpako wa juu unaokinga chuma.

Nilisahau. Hapana, ninadanganya. Nilikumbuka, lakini nilitaka zing'ae kwa ajili yako. Fishi zako zilikuwa safi ila rangi yake imefifia, na wageni walikuwa wanatoka Butembo. Nikachukua majivu na mchanga laini, nikazisugua kama masufuria ya harusi, nikazisuuza kwa maji. Ziling'aa sana. Nilijisifu, Papa.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Siku ya ibada Mama alisimama aseme habari zako. Alianza na ile siku mlipokutana Mavivi, wewe ukiwa umebeba bafle, ile spika kubwa, kichwani. Mikro ikakwaruza, krrr, krrr, kisha ikanyamaza kabisa. Mama aliitazama, akaiweka chini, akarudi kuketi. Hakumaliza.

Kakule akachomoa fishi, akaona kutu ya kijani. Akawaambia wanakwaya, na mimi nimesimama hapo hapo: "Muzee Paluku alituachia bintu ya kuoza! Donc, kumbe miaka yote ilikuwa kupangusa na shati tu!" Wakacheka kidogo. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wewe, uliyekuwa ukifuta hata mikono kabla ya kugusa waya, leo wanakutaja kama mtu mvivu. Na mimi, mtoto wako, niliacha iwe hivyo.

Jana nilimwambia Mama ukweli. Nilikuwa nimeandika barua ya kumweleza Kakule kosa langu, nikamwomba aipeleke. Aliisoma yote, akanirudishia. "Walimuchekea Papa yako mbele ya batu. Utasema mbele ya batu. Mudomo yako ni ya kulia bugali tu?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Nimekata zile fishi, nikafunga mpya, na nimezipangusa kwa alkoli tu. Jumapili, baada ya matangazo, nitasimama. Nitasema ni mimi niliyeziharibu, na kwamba za kwako hazikuzimika hata siku moja. Kisha nitampa Mama mikro amalizie habari ya Mavivi.

Wasingya, asante, Papa, kwa kunifundisha. Lala salama. Nakuahidi nitasema yote, hata sauti ikitetemeka, hata Kakule akicheka.

Binti yako,
Masika