Kamati Isiyoweza Kuketi

Nyumbani, Kajiado
Juni 2003

Saning'o mjukuu wangu,

Kwani Kitengela imehamia Ulaya? Tangu Pasaka sijaona hata kivuli chako, na kutoka kwenu hadi hapa kwangu mtu hamalizi hata kutafuna muwa. Naandikiwa na Dinah wa duka, na nimemwambia aandike vile ninasema, asinipambe. Uko mzima? Unakula, ama huo uinjinia ndio unakukula wewe? Baba na mama yako wasalimie sana. Sisi tuko salama, ng'ombe wanakohoa kidogo, mguu wangu ni ule ule. Lakini situlii. Nakaa, nasimama, natoka kutazama kisima, narudi, natoka tena.

Ulipokuja na wenzako wa chuo mkatengeneza ile pampu, nilijivuna mpaka majirani wakachoka na mimi. Kisha ukasema kuna somo lingine, la kusimamia watu na biashara, na kwamba pampu bila usimamizi ni chuma tu. Ukatuita kando ya birika la ng'ombe ukapanga kamati. Metito mwenyekiti, kwa sababu ana sauti. Mimi mweka hazina, kwa sababu siogopi mtu. Ukaweka na sheria: fundi haitwi wala kitu hakinunuliwi mpaka hao wawili waketi pamoja wakubaliane.

Saning'o, Metito amemwoa shangazi yako. Ni mkwe wangu. Huku mwanamume haketi na mama mkwe, hali mbele yake, akimwona njiani anapinda. Siku ile alijifunika shuka kichwani akasema anaenda kutafuta ndama. Ndama gani? Wote walikuwa zizini. Watu waliangalia chini, hakuna aliyetaka kukuaibisha mbele ya wenzako, na mimi pia nikanyamaza. Nilidhani tutapata njia.

Tulijaribu. Metito alisimama nyuma ya kibanda cha pampu, mimi mbele, Dinah akibeba maneno huku na huku. Nikisema mpira wa ndani unalika, anapeleka. Metito akisema tungoje, analeta. Mwishowe Dinah alichoka akaenda kufungua duka, tukabaki kila mtu anaongea na ukuta. Sasa mpira umekatika kabisa na punda wamerudi kuteka mtoni. Nikisema sheria ibadilishwe, wanasema tumngoje aliyeitunga. Aliyeitunga ni wewe, na huonekani.

Basi sikia hili. Jumanne alikuja mama mmoja na viatu vya mjini, akauliza kamati inaendeleaje. Nilidhani anauza dawa ya ng'ombe. Nikampa chai, nikamwambia yote, hata ya ukuta. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema kwao Bungoma pia hakuna mwanamume wa kuketi hivyo na mama mkwe wake. Halafu akatoa karatasi zako. Kumbe ndiye mwalimu wako wa hilo somo, Bi Nakhumicha. Akanisomea ulivyoandika kwamba kamati inakutana kila mwezi na maji hayajawahi kukosekana.

Chai ilinipoa mkononi. Ningeweza kusema mimi ni mzee, nimechanganya mambo, na angenikubalia. Sikusema. Nilimwambia, "Huyo mtoto ni wangu, na hayo si kweli."

Alisema bila somo hilo hutavaa lile joho, hata ukiunda pampu ya dhahabu. Lakini hajakuangusha. Amekupa mpaka mwisho wa muhula uandike upya, yale yaliyotokea, sio yale yaliyopendeza. Tangu hapo sina raha, kwa sababu nimekuchongea mwenyewe kwa mdomo wangu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini uwe umekaa mbele yangu. Hasira ya mtu aliye mbali mimi siijui.

Shangazi yako anakusalimu. Metito pia anakusalimu, kupitia kwa Dinah.

Ni mimi bibi yako, koko wako anayekupenda hata ukidanganya,
Noonkishu. (Alama ya kidole ni yangu.)

Jumamosi uje, na ulete mpira wa pampu. Kabla hujatoa kalamu, keti kwanza na wanawake wanaoteka maji, uwaulize nani anaweza kuketi na nani. Metito utamkuta nyuma ya kibanda.