Pedale za Chuma Alizofunga Mudogo Wangu

Baraka, Jumatano. Mvua imepiga toka asubuhi mpaka saa tisa. Sasa kumebaki matope, na moyo wangu mzito.

Leo nimefanya jambo la haya. Naliandika kabla sijapata maneno ya kujitetea.

Wiki jana, nikiteremka kutoka Fizi na bamama watano na magunia yao, mguu uliteleza juu ya freni, pedale ya kusimamisha gari. Mpira wa pedale ulikuwa umelika hadi ukang'aa, na kiatu changu kilijaa tope. Gari ilisimama, lakini ilisimama pale ilipotaka yenyewe. Mama mmoja alianza kuomba kwa Kibembe na hakunyamaza mpaka Baraka.

Nilimsimulia Wilondja, mudogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa. Jumapili, tulipotoka kanisani, akaja na vifuniko vitatu vya chuma vya kufunga juu ya pedale, vyenye matundu na vinundu vya mpira ili mguu ushike. Alisema alimtuma dereva mmoja avinunue Uvira.

Mimi sikumwomba.

Lazima niseme: Wilondja alikaa porini na wapiganaji miaka minne. Alirudi mwezi wa saba. Anakula kwangu, anaosha sahani yake, hasimulii kitu. Mtaani wanasema wanaorudi, wengine hutumwa warudi kupeleleza. Mwezi uliopita gari moja ilivamiwa kwenye njia ya Lulimba, na watu wakasema waliojificha walijua siku na saa. Toka hapo nikawa namwangalia.

Basi alipokuwa anafunga vifuniko, nilikaa kwenye kiti cha pembeni na ungo wangu, nikijifanya nachambua mchele. Alibandua mipira ya zamani, akasafisha pedale kwa petroli, akatoboa matundu, akakaza buloni kwa spana. Moja ilikuwa ndefu, akaikata kwa msumeno isije ikakwaza kiatu. Kazi safi. Lakini alikaa kichwa chini ya usukani muda mrefu kuliko nilivyopenda, na alipotoka akaniuliza huku akifuta mikono:

"Yaya, utapanda Fizi siku gani?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi? Na banani?"

Siku, na saa. Nilimjibu saa moja, na bamama wa soko. Nilijua vizuri kwamba nitapanda Jumatano.

Jumatatu nikamsikia nyuma ya jiko akiongea kwa simu, sauti ya chini: "Ni Alhamisi. Na yaya." Aliponiona akakata.

Jana, alipokwenda ziwani kuoga, nikapeleka gari kwa fundi mwingine. Alilala chini ya gari, akavuta mipira ya freni mmoja mmoja, akakanyaga pedale zote.

"Mama, hakuna kitu. Huyu muntu alifunga muzuri kuliko mi."

Ningeshukuru Mungu hapo. Badala yake nikajiambia: basi hatari si gari, ni njia.

Leo asubuhi nikaondoka yeye angali amelala. Kupanda na kushuka, mguu haukuteleza hata mara moja.

Fizi sokoni nilikutana na mama mudogo Asende, ndugu wa marehemu mama yetu. Hakunisalimia kwanza. Alichungulia ndani ya gari, mbele, kisha nyuma.

"Wilondja iko wapi? Alinipigia simu Jumatatu, akasema mutakuja Alhamisi. Nikasikia gari yako leo, nikajua mumewahi. Nimeshatoa majani yote kwenye kaburi."

Kaburi la mama. Mama alikufa Wilondja akiwa porini. Hajui hata tulimlaza wapi. Na peke yake hawezi kupita baryeri, kizuizi cha askari njiani. Hana karatasi, na kijana wa umri wake akikosa karatasi, hawamuachi. Ndani ya gari yangu, kati ya bamama wanaojulikana, angepita. Ndiyo maana alitaka siku, na saa, na banani.

Kwa nini hakuniambia? Pengine kwa sababu ileile iliyonifanya nisimuulize.

"Nilimwambia Alhamisi," nikamjibu mama mudogo. Nikaanza kupakia magunia.

Njia yote ya kurudi nilitafuta uongo mwingine. Sikuupata. Nilimkuta uani anapiga pasi shati yake nyeupe. Alitazama magunia ya maharagwe nyuma ya gari, akaelewa.

"Ulipanda leo."

"Ndiyo. Niliogopa, Wilondja."

Nilidhani atapiga kelele. Alimaliza kola, akageuza shati, akaanza mkono.

"Mi najua unaniogopa. Kesho unikalishe mbele, yaya, pembeni yako. Utaona mikono yangu njia yote."

Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu vya matope.

Kesho saa moja tunapanda. Bamama wawili wamekubali kukaa nyuma. Baryeri nitasema mimi, yeye anyamaze. Mama mudogo atatungoja kanisani, atupeleke.

Ningependa kuandika kwamba shaka imekwisha. Haijaisha. Alipokwenda kuchota maji, nilichukua simu yake nikafungua namba alizopiga toka arudi.

Kulikuwa na majina mawili tu: mama mudogo, na mimi.