Injini ya Bure

Doha, Jumapili mchana

Kwa ndugu yangu mpendwa Karisa,

Salamu zangu zikufikie hapo nyumbani Kaloleni, wewe na Baba. Sitakuuliza u hali gani kwa sababu nimeshaambiwa: huli, hutoki, na simu umeizima. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii anaileta mwenzangu wa nyumba ya jirani, amemaliza mkataba wake na anarudi kwao Kilifi. Nimemwambia akupe mkononi, na ukijifungia aipitishe chini ya mlango. Nami kwa mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Mama nilimzika kwa simu, Karisa. Niliomba ruhusa nikaambiwa nisubiri mpaka mkataba uishe. Basi nikasimama jikoni kwa watu nikitazama kaburi kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi, na ulipokatika kabisa jeneza lilikuwa bado juu. Mpaka leo kwangu mimi Mama hajashuka. Nikarudi kuosha vyombo.

Sasa sikia kilichotokea huku wiki iliyopita. Mwenye nyumba ana pikapu kama ile yetu, toleo lilelile, hata weupe ni uleule. Nilikuwa nampelekea chai simu yake ikalia, akaiweka spika. Kiarabu sasa nakisikia. Akaambiwa na kampuni iliyomuuzia alete gari, injini za toleo lile zimeonekana na kasoro: vichembe vya chuma vilibaki ndani kiwandani, na siku yoyote injini inaweza kukwama njiani. Watamwekea nyingine, halipi kitu. Unajua alijibu nini? "Sawa, kesho." Basi! Akaendelea na chai yake, na kesho yake akalipeleka.

Nilikimbilia chumba cha kufulia nikalia mpaka mama mwenye nyumba akaja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia, mama yangu. Akasema, "Si ulishaniambia?" Nikamjibu ndiyo, lakini leo amekufa tena. Akaniletea maji.

Maana ilikuwa simu ileile. Maneno yaleyale uliyoambiwa na yule msichana wa kampuni kule Mombasa: kaka, leta gari, injini tunakubadilishia bure. Nawe ukamwambia, "Bure? Dada, unanipigia kutoka jela gani?" Ukakata. Jamani, nani kwetu asingekata? Matapeli walioko jela hawachoki kutupigia: leo unaambiwa umeshinda zawadi, kesho mtoto wako ameanguka shuleni, tuma pesa za daktari haraka. Sisi mtu asiyemjua akitaja bure kwenye simu, tunashika mfuko. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. Si alisema, "Wakipiga tena, waambie na mimi wanibadilishie magoti"? Uliponisimulia nilicheka hadi nikakaa chini.

Yaliyofuata amenieleza Baba, na nayarudia ili ujue nayajua yote, hakuna unachonificha. Asubuhi kifua cha Mama kilipobana, ulimweka mbele, Baba akapanda nyuma, mkashika njia ya hospitali ya Kilifi. Katikati ya safari, mahali pasipo duka wala nyumba, injini ikagonga, ikakwama, gari likafa. Ukafungua boneti ukakuta vifuniko vya plastiki. Lile kuukuu la Baba mngelifunga waya, mngepuliza bomba la mafuta kwa mdomo, na lingeondoka likikohoa. Hili jipya, lililosifiwa na kila aliyepita uwanjani kwetu, lilitaka kompyuta. Ukambeba Mama mgongoni. Baba akafuata nyuma ameshika kiatu cha Mama kilichodondoka. Lori lilipowakuta, alikuwa ameshakwenda.

Watu wanakuambia ajali haina kinga. Mimi sikuambii hivyo, maana hii kinga ilikuwepo, na ilipiga simu. Hilo linanichoma, na nilikukasirikia, sikufichi. Nilikutukana peke yangu nikipiga pasi mashuka ya watu. Nikaitukana na hiyo kampuni pia. Wakosee wao kiwandani, halafu wapige mara moja kwa namba asiyoijua mtu, wanyamaze? Si wangetuma mtu? Si wangemwambia chifu, wangetangaza hata kanisani? Hasira imeisha, mdogo wangu. Huzuni ndiyo haijaisha.

Baba anasema sasa injini mpya imewekwa, gari lipo uwanjani, na wewe umeapa hutaligusa. Tena umemwambia ni heri ungekufa wewe. Koma! Usiyarudie maneno hayo mbele ya mzee aliyetoka kuzika mke. Hebu nikuulize: Mama alifia wapi? Hakufia kwenye gari. Alifia mgongoni kwako, ameshika shingo ya mwanawe, anasikia pumzi zako. Mimi ningetoa chochote niwe na mgongo huo. Unaouona ni mzigo wako, mimi nauonea wivu.

Mpe Baba shikamoo yangu, na ahadi kwamba dawa zake nitazileta mwenyewe. Msalimie shangazi anayewapikia, mwambie asichoke kukugongea. Na yule fundi mzee wa Kaloleni, rafiki wa Baba, mwambie ninamkumbuka.

Nina ombi moja. Mkataba unaisha kabla ya Krismasi, nami nitatua Mombasa. Sitaki teksi, sitaki mjomba aje. Njoo wewe, na pikapu hiyohiyo. Nitakaa mbele. Tusiende nyumbani kwanza, unipeleke pale gari liliposimama, tushuke, tutembee kwa miguu njia yote uliyombeba, unionyeshe ulipopumzika na alichosema. Mazishi nilinyimwa, Karisa. Usininyime na njia hiyo. Hakuna mwingine anayeijua.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Kadzo