Gari Lililonyamaza Ghafla

Jumatatu, 3 Machi

Breki zinalia tena. Kila nikikanyaga, kiii — mtaa mzima unageuka. Nimempitia fundi wa pale kona. Kasema ni kibati kidogo kwenye pedi za breki, kimewekwa makusudi kipige kelele pedi zikikaribia kwisha. Tubadilishe mapema kabla hazijala diski. Sikumwamini. Mafundi nao, ukiwapelekea taa wanakwambia injini imekufa.

Mume wangu kasema ni vumbi tu. Tena kasema haraka mno, macho kwenye simu.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe anamuuzia mdogo wangu gari! Wamepatana wao wawili, mimi naambiwa mezani kijiko kikiwa mdomoni. Mdogo wangu hajiwezi kwa furaha, atawapeleka wanawe shule mwenyewe. Nikauliza, na ule mlio? Mume wangu kanikata jicho.

Jioni alikuwa uani na jeki. Eti anaangalia upepo wa matairi. Tangu lini upepo unataka jeki?

Alhamisi, 6 Machi

Gari kimya. Nimekanyaga taratibu, nimekanyaga kwa nguvu — wapi. "Si nilikwambia ni vumbi?" kasema mume wangu. Na kucha zake nyeusi tii.

Nimeenda kumbana fundi, nikidhani wamekula njama. Anaapa hajaligusa. Nikamwambia asinifanye mtoto. Akamulika tochi kwenye matundu ya rimu, akaniita nichungulie. Kibati kimekatwa. Pedi imebaki nyembamba kama kadi ya simu. Kasema aliyefanya hivi kaliziba gari mdomo tu, ugonjwa uko palepale.

Nimemwonea haya fundi wa watu. Lakini zaidi nimeogopa. Kwa mdogo wangu ni mteremko mtupu, kutoka getini kwake hadi barabara kuu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza mume wangu. Kwanza kakana. Halafu kasema pedi zitafika mwezi, na kubadilisha ni kazi ya mnunuzi.

Mnunuzi! Huyo nilimbeba mgongoni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, nimejifungia. Mdogo wangu kaja kulichukua, na wanawe wote wawili, wamevaa viatu vipya. Nimemwambia pedi zimekwisha, asiliendeshe. Mume wangu kacheka. "Shemeji, msamehe dada yako. Gari linamuuma." Eti nina wivu!

Mdogo wangu alinitazama vile, nikajua kameza uongo wote. Hilo limenichoma kuliko uongo wenyewe.

Fundi nimempigia, hapokei. Mume wangu kaingia ndani, katoka na ufunguo wa akiba, kampa mdogo wangu mkononi. Watoto wanagombania kiti cha dirishani na gari bado limefungwa.

Sasa anagonga kioo, mdogo wangu. Anacheka kidogo, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Sogea, dada, tusigombane kwa gari. Twende wote mpaka kwangu, ujionee linavyoteremka."