Ngozi ya Kushika Jiwe

Kitale
11 Novemba 1987

Mpwa wangu Jentrix,

Nauliza hali yako, hali ya dada yangu Nakhungu, na hali ya ng'ombe wote watatu. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inanizidi. Unajua bila mimi mji huu wa Kitale haungekula ugali. Mahindi yote ya Trans Nzoia yanapita mbele ya macho yangu, na nikisema geti lifungwe, linafungwa, hata kama aliye nje ni tajiri mwenyewe mwenye stoo. Juzi DC alipita na gari akanipungia mkono. Aliyepunga ni dereva, lakini DC alikuwa ndani.

Barua yako nimeisoma. Ati wezi wamechukua ng'ombe wa jirani yenu Khaemba mchana kweupe, na mama yako sasa anataka ile bunduki ya marehemu baba. Sawa. Naituma na Kipketer wa lori la mahindi, imefungwa ndani ya gunia. Ile karatasi ya polisi inayosema ni kitu cha ukumbusho nimeishonea humo humo.

Hii si bunduki ya kuchekwa, bana. Ni gumegume, ile ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, babu yangu aliipata kwa msafara wa Waswahili baada ya kumwangusha mkubwa wao mieleka mara tatu. Mimi nikiwa kijana nilipiga nyati mmoja nayo, risasi ikapita ikaua wa pili, ikaenda ikaangusha mzinga wa nyuki. Tulikula nyama na asali siku moja.

Kutumia ni rahisi. Mimina baruti mdomoni mwa mtutu, tia risasi, shindilia. Halafu jaza baruti kile kisahani cha pembeni mpaka juu, na lile tundu la kuingilia mtutuni lijaze pia. Ukivuta, jiwe linagonga kibati cha chuma, cheche inaanguka kwenye kisahani, moto unaingia tunduni, kwisha. Haikosi. Mwambie dada asiogope, ingawa najua mwanamke akishika bunduki huanza kulia kabla haijalia.

Mjomba wako,
Eliakim Wabwile,
Mkuu wa Ulinzi


Kabuchai
2 Desemba 1987

Kwa mjomba Eliakim,

Pokea salamu zetu zote. Sisi tuko salama, mahindi tumevuna, mama anakohoa kidogo lakini mdomo ni mzima kama unavyoujua.

Bunduki ilifika. Tumeijaribu mara kumi kule nyuma kwenye miwa, kama ulivyoeleza. Imelia mara mbili. Mara saba ilisema "kwach" ikanyamaza. Na mara moja ilifuka moshi kwenye kisahani, ikakaa kama inafikiria, mama alipoanza kuishusha ndipo ikalipuka, ikatoboa sufuria ya jirani yetu Edah aliyekuja kutazama. Edah hajatusamehe.

Mama anasema niandike maneno yake hivi hivi bila kupunguza: "Eliakim, bunduki yako ni kama wewe. Moshi mwingi, kitu hakuna."

Mjomba, wezi wamerudi tena, safari hii kwa mzee Walubengo. Kwetu hakuna mwanamume tangu baba afe, na hilo wanalijua. Mama hataki kumuua mtu. Anataka ilie tu kila akivuta, wasikie. Tufanye nini?

Mpwa wako,
Jentrix


Kitale
15 Desemba 1987

Jentrix,

Salamu. Natumaini mko wazima, mimi niko, kifua tu.

Nimecheka mpaka nikashika geti. Bunduki iliyoua nyati wawili imeshindwa na mjane mmoja! Mwambie dada tatizo ni mkono wake. Mkono ule una baridi. Hata marehemu mume wake nadhani aliona afadhali kaburi. Soma hapo kwa sauti, usiruke.

Ila kwa sababu mimi nina roho nzuri, pokea mawe ishirini niliyookota mwenyewe mtoni Nzoia, pale Moi's Bridge, maji yakiwa shingoni na mamba akinitazama. Jiwe la mto limekula maji miaka mingi, kwa hivyo lina hasira na moto. Na mwongeze baruti kwenye kisahani. Imwagike kabisa. Mnabana baruti kama chumvi.

Mjomba wako,
Eliakim


Kabuchai
20 Februari 1988

Kwa mjomba,

Salamu baada ya siku nyingi. Huku ni jua, ng'ombe wanapata majani kwa shida, sisi tuko.

Mawe yako yalivunjika kama biskuti. Mama aliyatupa akafunga bunduki kwenye mkeka, akaenda nayo Bungoma mjini kwa Gurdev Singh, yule wa kutengeneza cherehani na pampu. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki za walowezi. Anaongea Kibukusu kukushinda wewe uliyezoea Kitale. Aliitazama bunduki, akamuuliza mama, "Nakhungu, ni nani aliyekufundisha kuilisha hivi?" Mama akasema ni ndugu yake. Gurdev akasema, "Basi ndugu yako hakupendi."

Alikaa nayo wiki mbili. Kile kibati kilikuwa laini, jiwe linakikwangua tu bila cheche. Akakizika kwenye mkebe pamoja na makaa na mifupa iliyosagwa, akakitia motoni mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye maji. Sasa cheche zinamwagika. Tundu alilizibua kwa sindano, akamwambia mama alizibue kila baada ya kupiga na asilijaze baruti kamwe, kwa sababu likijaa moto unatambaa badala ya kuruka. Ndiyo maana ilikuwa inafikiria. Na kisahani kisijae, theluthi tu, baruti laini na kavu.

Jiwe akampa la kweli, kutoka mkebe wa baba yake. Lakini jambo alilomrudia mara tatu ni ngozi. Jiwe linang'atwa na taya mbili za chuma, na chuma hakiwezi kushika jiwe peke yake. Lazima lifungwe ngozi, ndipo skrubu ikazwe. Akakata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka tandiko la farasi la mzungu mmoja wa zamani. Alisema, "Mama, ngozi hii ikitoka, bunduki yako ni fimbo."

Mjomba, tumepiga mara ishirini. Imekosa mara moja tu, na siku hiyo kulikuwa na umande. Tangu hapo mama anaifunika kwa ngozi ya mbuzi, na kila Jumamosi anavuta bila baruti kutazama cheche.

Na wiki iliyopita wezi walikuja. Mchana, wanne. Mama alisimama mbele ya boma akapiga juu. Mmoja aliacha kiatu. Sokoni Chwele sasa wanamwita Mama Baruti.

Anasema niandike: "Eliakim, mkono wangu umepata joto."

Mpwa wako,
Jentrix


Kitale
6 Machi 1988

Jentrix,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi pia, ila nimepungua kidogo kwa majukumu.

Huyo Gurdev nilimfundisha mimi. Muulize kama anamkumbuka kijana mmoja mrefu mwaka wa sitini na mbili. Akikataa anaona haya. Mifupa kwenye mkebe, si hiyo ni siri ya ukoo wetu!

Pasaka nakuja kukagua. Bunduki ni ya baba na mimi ndiye mtoto wa kiume. Tajiri ananipa Land Rover. Mchinje kuku, na asiwe wa kutaga aliyezeeka kama mama yako.

Mjomba wako,
Eliakim


Kitale
10 Aprili 1988

Jentrix,

Nilifika salama. Asante kwa kuku, ingawa nilikuwa nampiga jino kama napigana.

Land Rover iliharibika njiani, ndiyo maana mliniona nakuja kwa miguu kutoka Chwele. Nilikwisha eleza lakini nimeona niandike, kwa sababu watu wengine hawasikii. Mwambie dada maneno aliyosema mbele ya watu wa kanisa niliyasikia. Ati "tazameni kiatu cha mkuu wa Kitale, kinacheka kuliko mwenyewe." Watu wazima wakashika mbavu. Hata wewe nilikuona umeziba mdomo. Ninavyo viatu vingine. Vile ni vya safari.

Jambo kubwa ni hili. Jumatatu asubuhi kabla hamjaamka niliikagua bunduki, nikaukaza mtambo wote kwa mkono wangu. Sasa iko sawa kuliko alivyoiacha Mhindi. Mama yako asiiguse tena. Hiyo tabia ya kuvuta kila Jumamosi aache, inachosha jiwe bure. Iwekwe ndani ya ngozi ya mbuzi mpaka siku ya kazi. Hiyo ni amri ya mtoto wa kiume wa Wabwile.

Mjomba wako,
Eliakim


Kabuchai
25 Aprili 1988

Mjomba,

Barua hii nampa Kipketer mkononi.

Mama amefariki. Walikuja jana Jumapili, watu wakiwa kanisani. Watatu tu. Mama alitoka akasimama mbele ya boma kama siku ile. Mimi nilikuwa jikoni, niliona kwa mlango. Alielekeza juu akavuta. Ikasema "kwach". Akavuta tena, jiwe likachomoka likaanguka chini.

Walicheka, mjomba. Mmoja aliinama akaokota jiwe, akalipangusa kwenye suruali yake, akamrudishia mama mkononi. Akamwambia, "Umeangusha, Mama Baruti." Mama akalipokea. Ndipo yule mwizi akampiga na rungu.

Tulimkimbiza hospitali ya Lugulu kwa baiskeli ya Khaemba. Hatukufika.

Ng'ombe wote watatu wameenda. Mazishi ni Jumamosi. Njoo.

Jentrix


Kabuchai
9 Mei 1988

Kwa mjomba Eliakim,

Natumaini ulifika Kitale. Sisi huku bado tunapokea watu.

Ulizungumza kwa muda mrefu juu ya kaburi la mama. Ulisema ungekuwepo wewe wezi wangelala chini. Ulisema bunduki ilikuwa nzima, mama ndiye alisahau baruti kwa sababu ya uzee. Watu wengine walitikisa kichwa, wakakubali.

Mjomba, baruti ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeizoa kwenye kisahani, theluthi, kavu. Jana nilimpelekea Gurdev bunduki. Alifungua zile taya akachomoa kitu kwa kucha, akakiweka mezani mbele yangu. Ganda la hindi, limekunjwa mara nne. Likiwa na unyevu linashika vizuri, alisema. Likikauka linasinyaa. Mke wake Champa aliniletea chai, sikuweza kuinywa.

Hakuna aliyeifungua bunduki tangu Pasaka. Mama alikutii. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kukutii.

Ngozi iko wapi?

Jentrix


Kitale
20 Mei 1988

Jentrix,

Salamu. Mimi si mzima na barua yako ndiyo sababu.

Unamuuliza mjomba wako kama polisi? Panya walikula ngozi. Panya wa Kabuchai nawajua, wanabeba hata sabuni. Au huyo Gurdev aliweka ganda mwenyewe ili usione kazi yake mbovu. Watu wa duka hawakosi ujanja. Au mama yako alitoa akatengeneza mshipi. Na kama angekuwa ameolewa tena nilivyomshauri, angekuwa na mwanamume wa kushika bunduki. Hilo mbona huulizi?

Ukiniandikia hivi tena sitakujibu.

Mjomba wako,
Eliakim


Kitale
17 Novemba 1990

Mpwa wangu Jentrix,

Nauliza hali yako. Nimekuandikia mara tano, hujajibu hata moja. Kipketer ananiambia umeolewa na una mtoto wa kike, mmemwita Nakhungu. Hongera. Angeitwa jina la bibi yangu ingekuwa vizuri zaidi, lakini hongera.

Mimi bado nashikilia Kitale. Mwezi uliopita wezi kumi na wawili walivamia stoo nikawafukuza na tochi peke yake. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mlevi anatafuta njia.

Jentrix, uliniuliza neno moja na mimi nikakujibu panya. Sasa ngoja.

Pasaka ile nilikuwa na viatu hivyo tu. Land Rover haikuwepo, tajiri hajui hata jina langu, ananiita Geti. Kiatu cha kulia kilikuwa na tundu chini, kama shilingi. Mama yako aliposema maneno yale mbele ya kanisa, sikulala. Asubuhi nikaona ile ngozi, nene, nzuri, na kwa tundu lile ilikuwa ya kutosha kabisa. Nikaitoa. Nikachukua ganda la hindi pale ghalani, nikalilowesha likunjike, nikakaza skrubu. Nikavuta mara moja, cheche ikatoka. Nikajiambia itashika. Halafu nikaandika asiijaribu, ili asije akafungua akanicheka tena.

Siku tuliyomzika ilinyesha, unakumbuka. Udongo ulikuwa uji. Khaemba alilowa mpaka magotini, mchungaji pia, wewe ulikuwa miguu mitupu. Mimi nilisimama pale juu ya udongo nikizungumza yale niliyozungumza.

Mguu wangu wa kulia ulikuwa mkavu.

Mjomba wako,
Eliakim