Maneno ya Paluku Yaliyokatwa

Yaya Kavira, dada yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako, hapa bureau, ofisi yetu ya Mususa. Nimekipandisha kidogo, unisamehe, miguu yangu ni mirefu kuliko yako.

Nina jambo la kuungama. Ule ujumbe wa watu waliokimbia Mabalako, uliouandika kwenye kompyuta kabla moyo wako haujasimama, niliuharibu. Kila mtu ulimpa mstari wake: jina, mkato, maneno yake kwa ndugu zake ndani ya alama za kunukuu, mkato, mahali alipo. Mimi kwa haraka niliiambia mashine igawanye kila penye mkato. Ikakata na maneno ya watu. Maana mtu mwenye uchungu hupumua katikati ya maneno, na wewe kila pumzi uliiandika. Nikachapisha, nikabandika orodha mlangoni pa kanisa.

Jumatatu Mama Katungu aliingia amejifunga kitenge cheusi. Penye jina la mwanawe Paluku alisoma, "Mama." Na pale pa mahali: "nilianguka njiani." Basi.

"Masika, mutoto wangu alikufa wapi? Uniambie tu."

Nikafungua faili lako lenyewe, nikamsomea mstari mzima: "Mama, nilianguka njiani, muguu ulivunjika, lakini sasa natembea." Halafu, mahali alipo: Kirumba.

Aliketi sakafuni, yaya. Alicheka huku analia, akanishika magoti, mimi niliyemfanya aomboleze mtu aliye hai.

Nikaing'oa ile orodha siku hiyo hiyo. Nikaanza kuandika regex, ule mstari mfupi wa alama unaoiambia mashine itafute nini. Ulipokuwa ukinifundisha nilikuwa nachezea simu, lakini sauti yako ilibaki: "Fungua penye alama ya kunukuu ya kwanza, kamata yote yasiyo alama, funga penye ya mwisho. Na ukikuta mbili zimeshikana, hapana funga. Mutu anataja maneno ya mwingine, angali anasema."

Hizo mbili zilizoshikana zilinisumbua siku nzima. Bibi mmoja alikuwa amenukuu maneno ya marehemu mumewe, na mashine ilimnyamazisha hapo hapo. Jioni ikamkubali. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Orodha mpya iko mlangoni. Paluku alishuka kwenye lori la viazi juzi, na fimbo yake, amenenepa. Mama yake amevaa kitenge cha njano.

Ninakukosa sana, yaya. Nikikwama bado nageuka kukuuliza.

Kesho naenda Beni kuandika waliofika wiki hii. Nakuahidi: sitabandika tena karatasi ambayo sijaisoma yote kwa sauti, jina kwa jina. Lala salama huko uliko. Huku tunaendelea.

Mdogo wako,
Masika